Albamu Nne za Skinny Puppy: Uanze na Ipi Ukiwa Arusha au Moshi?

Skinny Puppy ni bendi ya Vancouver, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1982 na vijana wawili ambao wote waliitwa Kevin na ambao, ili wasichanganywe, walijipa majina ya jukwaani. Kevin Crompton akawa cEvin Key, fundi wa vinanda vya umeme na ngoma, na Kevin Ogilvie akawa Nivek Ogre, mwimbaji. Mwaka 1986 Bill Leeb, aliyekuwa akiwasaidia, aliondoka na kuanzisha Front Line Assembly, na nafasi yake ikachukuliwa na Dwayne Goettel, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeifanya bendi hii iwe kama tunavyoijua. Kati ya mwaka 1985 na 2013 walitoa albamu 12 za studio, ukiacha Remission ya mwaka 1984 iliyokuwa fupi, na mwaka 2023 wakafanya ziara waliyoitangaza kuwa ya mwisho.

Anayetaka kuuingia muziki huu wa elektro-indastriali, yaani muziki wa umeme wenye kelele za mashine na midundo mizito, kutoka Arusha au Moshi hukutana na ugumu wa aina yake. Hakuna duka la kanda au sahani za santuri atakapokuta albamu hizi zimepangwa rafuni, wala si rahisi kumpata kaka mkubwa mwenye mkusanyiko wa kumwazima. Kwa kawaida wimbo mmoja humfikia kwa simu, pengine “Testure” au “Worlock”, akaupenda, kisha akafungua orodha ya albamu na kukwama hapo hapo. Akibahatisha, anaweza kuanza na ile ngumu kuliko zote, akaifunga baada ya dakika kumi na asirudi tena.

Nimechagua albamu nne za kulinganisha: VIVIsectVI (1988), Too Dark Park (1990), Last Rights (1992) na The Greater Wrong of the Right (2004). Tatu za kwanza ni za kipindi ambacho Key, Ogre na Goettel walikuwa katika kilele cha kazi yao, na ya nne ni ya bendi iliyorudi baada ya kuvunjika. Nimeziacha mbili ambazo wengine wangeziingiza. Rabies ya mwaka 1989, yenye magitaa na mkono wa Al Jourgensen, kiongozi wa bendi ya Ministry, nitaigusia mwishoni. The Process ya mwaka 1996 ilitoka baada ya kifo cha Goettel cha Agosti 1995, na naona inamgusa zaidi mtu anayejua tayari ni nani aliyepotea.

Vigezo ninavyotumia

Nitazipima zote nne kwa mambo manne: mdundo na mpangilio wa sauti; uimbaji wa Ogre, yaani ni kwa kiasi gani maneno yanashikika; mada zinazobebwa; na mwisho chombo na mahali pa kusikilizia, kwa kuwa albamu inayopendeza kwenye hedifoni nzuri inaweza kuwa kero tupu kwenye spika ya simu. Mauzo na sifa za wahakiki siviweki katika mizani. Albamu inayotajwa mara nyingi kuwa bora haimsaidii msikilizaji mpya ikiwa sikio lake limelelewa na muziki wa aina nyingine na chumba chake kinapakana na cha mpangaji mwenye mtoto mchanga.

Mdundo na mpangilio wa sauti

Sikio la Arusha hutafuta mdundo kwanza. Huu ni mji wa hip hop. X Plastaz waliunganisha michano na uimbaji wa Kimaasai, na waliofuata, kama Nako 2 Nako na Joh Makini, wakawazoesha wasikilizaji kuupima wimbo kwa namna besi na snea zinavyokaa. Kwa sikio la namna hiyo VIVIsectVI ndiyo iliyo karibu zaidi. Ngoma zake ni nzito, zinajirudia kwa uhakika, na juu yake zimepachikwa vipande vya sauti vilivyokatwa kutoka kwenye filamu, kwa mbinu ambayo mpenzi wa hip hop ataitambua bila kuelezwa. Katika “Who's Laughing Now?” kauli moja ya filamu ya Evil Dead II inarudi na kurudi hadi inakuwa kiitikio, huku mdundo ukisukuma mbele bila kuyumba. “Testure” nayo ina huzuni katika mfuatano wa vinanda vyake, lakini ni huzuni inayochezeka.

Too Dark Park inaudhi mwanzoni, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nyimbo zake kumi ni fupi, zimejaa tabaka juu ya tabaka, na mara nyingi mdundo hubadilika kabla sikio halijautulia. “Convulsion” inafungua albamu kwa vurugu ambayo mtu anaweza kudhani ni faili lililoharibika. Ila ukivumilia hadi “Tormentor” na “Spasmolytic”, utakuta chini ya vurugu kuna mapigo yaliyonyooka kabisa, na ukirudia albamu nzima mara ya tatu utaanza kuona kwamba kila kelele ina zamu yake. Ni kama kusimama katikati ya soko la Kilombero asubuhi: mgeni husikia makelele, mwenyeji husikia nani anauza nini.

Last Rights ndiyo yenye kazi kubwa zaidi ya studio, na hapa nitakaa kidogo. Key na Goettel, pamoja na prodyuza Dave Ogilvie (ambaye, licha ya jina, hana undugu na Ogre), waliichukua mbinu ya kukata na kupachika sauti wakaifikisha mahali ambapo huwezi tena kusema hiki ni kinanda, hiki ni ngoma, hiki ni mlango wa chuma. “Inquisition” ina mdundo wa kushika, lakini “Knowhere?” inakaribia kuuacha mdundo wenyewe, na “Killing Game” inaenda polepole kwa vinanda vya msiba ambavyo, kwa jinsi vilivyo vizuri, vinamshangaza kila aliyedhani bendi hii inajua kelele tu. Kisha kuna “Download”, zaidi ya dakika kumi, inayoanza na kitu kinachofanana na wimbo na kusambaratika taratibu hadi inabaki sauti isiyo na umbo. Key na Goettel waliipenda njia hiyo kiasi cha kuliita kundi lao jingine kwa jina la wimbo huo.

Mtu wa Moshi aliyekulia kwenye kwaya ya Kilutheri, aliyezoea kuifuata sauti ya kwanza hadi ya nne kila moja kwa njia yake hata zote zinapoimbwa pamoja, ana faida ambayo mtu wa hip hop hana anapoikabili Last Rights. Atazifuata tabaka. Nimeona wapenzi wa muziki wa kwaya wakiielewa albamu hii haraka kuliko wapenzi wa muziki mzito wa magitaa, ambao hukaa wakisubiri kiitikio kisichokuja.

The Greater Wrong of the Right haihitaji maelezo marefu katika kigezo hiki. Bendi ilivunjika mwaka 1995, ikapanda tena jukwaani mwaka 2000 huko Dresden, Ujerumani, na albamu hii ndiyo iliyofuata, Mark Walk akiwa pamoja na Key na Ogre. Sauti ni safi, za kompyuta, magitaa yapo, viitikio vipo, na Danny Carey, mpiga ngoma wa bendi ya Tool, ni miongoni mwa waalikwa. Anayetaka wimbo wenye mwanzo, kati na mwisho ataupata. Anayetafuta ule utandu wa kutisha wa albamu tatu za kwanza ataona umefutwa kidogo, na ni haki yake kulalamika.

Uimbaji wa Ogre na maneno

Wengi wetu Kiingereza tulikipata shuleni, kwa hiyo mtu anaweza kudhani asipoyashika maneno tatizo ni lake. Si lake. Ogre huipitisha sauti yake kwenye mashine zinazoikwaruza, kuirudisha nyuma na kuizidisha, na hata waliozaliwa na lugha hiyo husoma maneno yaliyoandikwa ili wajue anasema nini. Maandishi yake yenyewe ni vipande vya picha visivyofuata sentensi iliyonyooka. Ni vyema kuichukua sauti hiyo kama ala mojawapo, halafu mwenye hamu akasoma maneno baadaye.

Kwa kushikika kwa maneno, The Greater Wrong of the Right inaongoza kwa mbali. Humo Ogre anaimba kweli, na katika “Pro-Test” anayatema maneno kwa kasi inayokaribia michano. Video ya wimbo huo inaonyesha makundi mawili yakishindana kucheza breakdance, jambo ambalo kijana wa Ngarenaro hatalionea ugeni. VIVIsectVI inafuata, kwani kiitikio cha “Testure” kinasikika wazi na nyimbo nyingine zina angalau kauli moja ya kushika. Katika Too Dark Park unapata neno hapa na neno pale.

Last Rights ipo mwisho kwa sababu ambayo inafaa kuijua kabla ya kubonyeza. Wakati wa kuitengeneza Ogre alikuwa amezama katika uraibu wa dawa za kulevya, na sauti unayoisikia, inayolia, kubwabwaja na kunong'ona, haikuwa maigizo matupu. Hilo linaipa albamu uzito ambao nyingine hazina, na pia linaifanya isiwe ya kila mtu wala ya kila siku. Kuna wimbo mmoja, “Left Handshake”, uliotolewa kwenye albamu kwa sababu ruhusa ya kutumia sauti ya Timothy Leary, mwanasaikolojia Mmarekani aliyejulikana kwa kutetea dawa ya LSD, haikupatikana.

Mada

VIVIsectVI ndiyo yenye mada zilizo wazi zaidi, na jina lake limezua maswali katika nyumba nyingi za waumini kwa kuwa limeficha tarakimu 666 za Kirumi ndani ya neno la kuwapasua wanyama wakiwa hai. Ukimkuta mama anakuuliza unasikiliza nini, unaweza kumjibu kwa heshima na bila kudanganya: “Mama, hawa wanawatetea wanyama wanaoteswa maabara.” Ndivyo ilivyo. “Testure” inahusu majaribio ya kisayansi juu ya wanyama, “VX Gas Attack” inahusu silaha za kemikali na vita vya Iran na Iraq, “State Aid” inahusu ukimwi, na “Hospital Waste” inahusu taka za hospitali. Katika ziara ya mwaka 1988 Ogre alikuwa akimfanyia “upasuaji” mbwa wa kuchezea mbele ya watazamaji, na huko Cincinnati, Marekani, mtazamaji mmoja aliamini mbwa ni wa kweli akaita polisi. Ogre na Key wakakamatwa. Ni ushahidi tosha kwamba onyesho lilifanya kazi, ingawa sidhani kama usiku ule waliliona hivyo.

Too Dark Park imeelekea zaidi kwenye uharibifu wa mazingira. Majina kama “Nature's Revenge” na “Shore Lined Poison” yanajieleza, na msikilizaji anayeamka kila asubuhi akiitazama Kibo, ambako barafu inazidi kupungua, hatahitaji kutafsiriwa hofu iliyomo humo. Hata hivyo, usitegemee hotuba. Mazingira humo yanasikika kwenye sauti zenyewe, zinazooza na kububujika, kuliko kwenye maneno.

Last Rights imeacha dunia ya nje karibu yote na kugeukia ndani ya mtu anayeangamia. The Greater Wrong of the Right inarudi nje, kwenye siasa na vita vya miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hasira iliyopangwa vizuri. Mwelekeo huo wa kisiasa uliendelea: mwaka 2014, baada ya kuelezwa kwamba muziki wao ulitumika kuwatesa wafungwa wa Guantanamo, walitangaza kuitumia serikali ya Marekani ankara ya dola 666,000. Anayevutiwa na upande huo atafute pia Weapon ya mwaka 2013.

Chombo na mahali pa kusikilizia

Kigezo hiki ndicho kinachopuuzwa zaidi, na kwa mazingira yetu ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Vyumba vingi vya kupanga vina sabufa, na sabufa ya kawaida hukuza besi na kuzimeza sauti za katikati, ambako bendi hii huweka nusu ya kazi yake. VIVIsectVI inastahimili hali hiyo, kwani mdundo wake unatosha kubeba wimbo hata tabaka za juu zikipotea. The Greater Wrong of the Right inastahimili zaidi. Unaweza kuisikiliza kwenye redio ya gari, kwenye spika ndogo ya mezani, hata kwenye simu yenyewe, na bado ukaupata wimbo. Too Dark Park kwenye sabufa inageuka tope. Nilipoihamishia kwenye hedifoni za kawaida tu, za waya, nilisikia upande wa kushoto mlio mdogo unaokimbizana na ngoma katika “Spasmolytic”, mlio ambao spika ilikuwa ikiufuta kabisa, na tangu hapo sijaifungulia spika tena.

Too Dark Park ina faida nyingine, nayo ni ufupi. Haifiki dakika 40. Ukipanda Coaster ya Moshi pale stendi ya Arusha ukaianzisha gari likiondoka, itakuwa imekwisha au inakaribia kwisha mnapopita Usa River, endapo foleni ya Tengeru haikuwakamata. Mngurumo wa gari haujaiharibu kama nilivyotarajia, bali umeiongezea tabaka.

Last Rights inataka mengi zaidi: hedifoni, chumba kimya, usiku, na muda wa kuimaliza bila kukatizwa. Nyimbo zake zimeunganika kiasi kwamba bando likiisha katikati ya “Scrapyard”, au tangazo likaingia kabla ya “Riverz End”, unachokipoteza si wimbo mmoja bali mkondo mzima. Ipakue kabisa kabla, chaji simu wakati umeme upo, na usijaribu kuiweka kama muziki wa kufulia nguo. Kwa jirani, fadhili pekee ni hedifoni. “Love in Vein” ikipenya ukuta wa matofali ya saruji saa tano usiku, mwenye nyumba atakuwa na maneno, na hutakuwa na utetezi.

Kwa hali yako

Ukiwa umetoka kwenye hip hop na unaupima wimbo kwa ngoma na vipande vilivyopachikwa, anza na VIVIsectVI. Sikiliza “Testure” na “Who's Laughing Now?” kabla ya kuifungua yote, na uwe tayari kwamba wimbo wa kwanza wa albamu una jina la matusi. Matoleo ya CD yana nyimbo za nyongeza. Zisikusumbue kwa sasa, zisikilize ukishaizoea albamu yenyewe.

Anayetoka kwenye rock na metali, anayehitaji gitaa na kiitikio ili atulie, ataingia kwa urahisi kupitia The Greater Wrong of the Right, kisha Rabies, ambayo “Tin Omen” yake itamridhisha bila maelezo. Hata asiye na hedifoni nzuri, au anayesikilizia kazini pamoja na wenzake, ninamwelekeza huko huko kwenye The Greater Wrong of the Right, kwa kuwa ni albamu inayoweza kuishi katikati ya watu.

Mwenye subira, anayependa kitu kinachofunguka kidogo kidogo, na mwenye safari za mara kwa mara kati ya miji hii miwili, Too Dark Park itamlipa. Mwenye sikio la kwaya, au anayetengeneza muziki mwenyewe kwenye kompyuta, anaweza kuruka moja kwa moja hadi Last Rights, na hasa huyu wa pili asiikose, kwa sababu humo kuna masomo ya kupanga sauti ambayo mpaka leo maprodyuza wanayachimba. Lakini aliye kwenye msiba, au anayepambana kutoka kwenye dawa za kulevya, au anayemuuguza mtu wa namna hiyo, aiweke kando kwa muda. Inasema kweli juu ya hali hiyo kwa ukaribu ambao si kila mtu anauhitaji kwa wakati wowote.

Familia yenye watoto sebuleni haina albamu yake kati ya hizi nne, labda baadhi ya nyimbo za The Greater Wrong of the Right kwa sauti ya chini. Na ikiwa umezijaribu zote ukaona mapigo unayapenda ila vurugu na kilio cha Ogre vinakushinda, mrudie yule Bill Leeb aliyeondoka mwaka 1986: Tactical Neural Implant ya Front Line Assembly, ya mwaka 1992, ina midundo iliyopangika, sauti iliyotulia na viitikio vinavyoonekana tangu mbali, na wapo wapenzi wa muziki huu walioanzia huko na kuja kuipenda Too Dark Park miaka kadhaa baadaye.